Kiganja cha Fundi wa Vifungo

Jumatatu asubuhi, fundi wa vifungo alikishonea kidole chake cha shahada kwenye shati la kumi na moja. Hakusikia kitu. Msimamizi wa karakana ndiye aliyeona damu kwenye kola, akamwambia, "Dada, hilo la mteja."

Alikuwa amemaliza dawa za saratani miezi saba nyuma. Zilimwacha hai, sawa, lakini vidole na nyayo vilikuwa ganzi kwa juu na moto kwa ndani, kutwa kucha. Alipoweka kiganja juu ya shati ili alifute, mikunjo ilinyooka na mvuke ukatoka. Msimamizi alilikagua, akachomoa pasi ukutani na kuukunja waya wake.

"Basi kuanzia leo wewe upige pasi."

Akapiga. Siku za maumivu makali hata suruali nzito za makanika zilinyooka mara moja, na wenzake walimtania kwamba amepanda cheo. Wifi yake alimletea mashuka ya nyumba nzima. "Usilalamike, wifi. Wenzako wako kaburini." Alishukuru kweli, na iliuma kweli.

Alitaka kitu kimoja tu: daktari aandike kwenye faili kwamba anaumwa. Bila hivyo, dirisha la dawa lisingempa dawa ya neva, wala msimamizi asingempa mapumziko.

"Majibu yako safi kabisa," alisema daktari siku ya kliniki. "Umepona."

"Mikono inaniunguza, daktari."

Daktari aliushika mmoja, akauachia, akapuliza vidole vyake. Alimwamini. Aliigeuza fomu mbele na nyuma. Ilikuwa na visanduku viwili: Mgonjwa na Amepona.

"Hili sina pa kuliandika, mama."

Akatia alama kwenye kisanduku cha pili. Kisha akavua koti lake jeupe, maana saa sita wakaguzi wangefika. "Samahani sana. Kola tu."

Fundi alilipiga pasi lote, mikono na mgongo. Maumivu yalimpanda hadi kwenye viwiko, na machozi yaliyodondokea kitambaa yalikauka kabla hajayafuta.

Nje, kwenye benchi, mwalimu mstaafu aliyemaliza dawa mwaka juzi alikuwa amebana birika la wauguzi kati ya nyayo zake. Lilikuwa limeanza kuchemka.

"Wamekwambiaje?"

"Nimepona."

"Hata mimi," alisema mwalimu, na muuguzi akaja kuchukua birika lake.