Kapteri Mwongo

Jina langu ni Waziri, na wizara sina. Nina mita ya kupimia umeme, bisibisi mbili na kibanda cha mabati pale Rumonge, karibu na msikiti, ambako kila mwenye gari bovu huja kunieleza ugonjwa asioujua, kisha anakasirika nikimweleza ugonjwa wenyewe. Mwaka ule wa vita mfungo wa Ramadhani ulikuwa umeangukia katikati ya mvua. Nilikuwa nimekaa kibandani, mdomo mkavu, roho mbaya, wakati dada yangu Hadija alipokuja mbio bila viatu kuniambia kwamba wanajeshi wamemkamata mumewe.

Mumewe ni Cubaka, Mshi kwa kabila, wa kutoka Bukavu, Mkristo wa kwaya, ambaye dada yangu aliolewa naye huku ukoo mzima ukikuna vichwa. Mimi sikukuna kichwa, nilisema wazi kwamba simpendi. Anaimba akila, anaimba akioga, na akinikuta nimejilaza baada ya futari ananiimbia mimi. Lakini ni dereva wa tingatinga, tena dereva hodari, na hilo hata adui yake hamnyimi.

Kosa lake lilikuwa moshi. Mlima ulikuwa umeporomoka Gitaza na kuziba barabara ya Bujumbura, na kampuni ya barabara ikampeleka Cubaka akazoe tope kwa tingatinga jipya, zawadi ya wafadhili, lenye kompyuta ndani. Mwanzoni lilifanya kazi vizuri. Halafu likaanza kutoa moshi mweusi, mzito, unaoonekana mpaka katikati ya ziwa. Waasi walikuwa milimani. Mara mbili bomu lilianguka kando ya barabara muda mfupi baada ya moshi kupanda, na kapiteni wa kikosi kilicholinda barabara akapiga hesabu yake: huyu dereva anawaonyesha wenzake pa kulenga. Gari la kumpeleka Bujumbura lingefika ng'ambo ya tope alasiri. Waliopelekwa Bujumbura kwa kosa la namna hiyo hatukuwa tukisikia habari zao tena.

"Weye humupendi, najua," Hadija akaniambia. "Mimi namupenda. Enda."

Nikadandia lori la ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikaenda. Njia nzima nilikuwa nikimtukana Cubaka moyoni. Lakini nilipofika nikamkuta amekaa kwenye tope, mikono imefungwa nyuma, kimya, haimbi, ndipo nilipoogopa.

Kapiteni alikuwa kijana mwembamba mwenye buti safi, anayeongea polepole.

"Amahoro, mon capitaine," nikamsalimu.

"Amahoro. Weye ni nani?"

"Waziri."

Akatazama ndala zangu. "Waziri wa nini?"

"Wa umeme. Ya magari."

Hakucheka. "Kama mashine iko na ugonjwa, nionyeshe. Kama haina, huyu anapanda gari ikifika."

Wakamfungua Cubaka ili aniwashie injini. Moshi mweusi maana yake ni moja tu: mafuta mengi, hewa kidogo. Nikatazama chujio la hewa, safi. Mabomba ya turbo, mazima. Taa ya hitilafu haikuwaka, yaani kompyuta yenyewe iliona mambo yote ni sawa. Chombo cha kuisoma hiyo kompyuta kilibaki Ulaya, pamoja na akili ya aliyeipakia.

Basi ikabaki kumhoji kapteri. Ndivyo tunavyokiita kile kidude kinachopima upepo ambao turbo inausukuma ndani ya injini. Kinaipa kompyuta habari, na kompyuta inamimina mazutu, yaani dizeli, kulingana na habari hiyo. Nasi mafundi wa Rumonge vyuma vyote tunavisema kama watu, hasa vikitusumbua. Nikamwambia Cubaka azime injini lakini aache ufunguo wazi. Injini ikilala hakuna upepo, kwa hiyo kapteri anatakiwa kusema kidogo sana, volti moja hivi. Mita ikanionyesha tatu na zaidi, yaani upepo mwingi ambao haupo. Angesema tano, kompyuta ingemshika na kuwasha taa. Huyu alikuwa anadanganya kwa kiasi, kama muuza maziwa anayeongeza maji kidogo tu.

Nilifurahi kupita kiasi. Cubaka alikuwa juu kwenye kiti, na masikio yake yameharibiwa na injini miaka mingi, kwa hiyo nikampigia kelele.

"Kapteri ndiye mwongo. Anadanganya watu wote hapa. Tumutoe, mambo itaisha."

"Ndiyo, shemeki," akaitikia kutoka juu. "Tumutoe leo leo."

Nyuma yangu bunduki zikakokiwa. Nikageuka. Askari watatu walikuwa wamenielekezea mitutu, na katikati yao alisimama kapiteni, akiwa amesikia cheo chake.

"Rudia," akasema.

"Capteur, mon capitaine." Sijawahi kutamka Kifaransa kwa uangalifu namna ile. "Capteur. Iko kifaa, kadogo, iko hapa. Weye hudanganyi. Yeye ndiye anadanganya."

Alikitazama kidude, akaitazama mita yangu. Kisha akawaashiria askari washushe bunduki, akasogea. "Nionyeshe huyo mwongo."

Nikachomoa plagi ya kapteri. Ndani ilikuwa mbichi, ina chumvichumvi nyeupe, na umeme ulikuwa unavuja humo kutoka waya mmoja kwenda mwingine. Nikainua macho kuona maji yametoka wapi. Juu yake, kwenye wavu uliofungwa kwa ustadi pembeni mwa injini, ndagala walikuwa wamepangwa vizuri, wametiwa chumvi, wanakaushwa.

Nikaelewa yote. Mvua ilikuwa hairuhusu kuanika samaki juani, na shemeji yangu alikuwa amepata jua lake mwenyewe linalotumia mazutu. Nikamtazama Cubaka. Cubaka akatazama ziwa.

"Na hiyo ni nini?" kapiteni akauliza.

Ukweli ungemuua vilevile. Dereva aliyewaletea askari mabomu kwa sababu ya kitoweo, gari la Bujumbura lingempakia bila kuuliza zaidi.

"Yangu, mon capitaine. Chakula yangu. Nimeweka hapa sasa hivi ipate moto."

Akaiangalia kofia yangu ya msikitini. "Weye si Muislamu? Hamufungi?"

"Niko safarini. Musafiri anaruhusiwa."

Kutoka Rumonge mpaka Gitaza ni safari kwa kuku tu, na nadhani hata yeye alilijua hilo.

"Basi kula," akasema.

Nikala. Nilikuwa sijawahi kuacha funga tangu nilipobaleghe, hata kwa malaria, na siku ile niliivunja mbele ya jeshi kwa ndagala nusu mbichi wenye ladha ya mazutu. Iliniuma sana, na niliendelea kutafuna. Kapiteni akachukua mmoja, akamtia mdomoni, akatafuna taratibu.

"Imekunywa mazutu siku nyingi," akasema.

Samaki aliyewekwa sasa hivi hanywi mazutu siku nyingi. Alijua, nami nikaona kwamba anajua. Akatema mfupa.

"Fanya kazi yako."

Nikaosha plagi kwa petroli, nikaikausha kwa shati langu, nikairudisha. Mita ikasema moja na kitu. Cubaka akawasha, akasukuma tope, na bomba la moshi likatoa hewa ya kawaida isiyoonekana hata na mwenye kuitafuta. Askari walikaa wakitazama milima kwa muda mrefu. Hakuna kilichoanguka. Gari la Bujumbura lilipofika, kapiteni alilirudisha tupu, kisha akapita karibu yangu.

"Kwenye mashine hii," akasema, "musafiri yeyote asiweke tena chakula."

Tulirudi na lori lile lile, lililoshindwa kupita, juu ya magunia ya ndagala, harufu ambayo sikuitaka kabisa. Cubaka alikaa akivuta pua mpaka tukavuka Magara.

"Shemeki, ile siku yako nitailipa mimi."

"Huwezi. Weye ni Mukristo. Kaa kimya."

Baada ya Idi nikapanga siku ya kulipa funga yangu. Adhuhuri ya siku hiyo Cubaka akaja kibandani, midomo imekauka, akakaa kwenye tairi, akaniambia kwamba tangu alfajiri hajala wala kunywa, Hadija amemfundisha namna ya kufanya, na kwamba dini yetu ni mbaya. Alilalamika mchana wote. Hakuondoka. Magharibi ilipoadhiniwa tulikula muhogo wangu pamoja.

Kesho yake nilimuuliza imamu kama siku ile ya Cubaka inahesabika. Akasema haihesabiki hata kidogo. Mimi nimeihesabu.