Shada la Mtu Aliye Hai

Habari ilimkuta Mzee Pyo akiwa uchi. Alikuwa amezama hadi shingoni katika bwawa la maji moto la bafu la mtaani, kitambaa kimekunjwa juu ya kichwa, na televisheni iliyotundikwa ukutani ilikuwa ikitangaza dawa ya tumbo. Mara msomaji wa habari za michezo akatokea, akasema kwa uso mkavu kama anayetaja bei ya vitunguu: klabu ya besiboli ya Korongo wa Mokpo imempeleka mdakaji wake mkongwe, Noh Seok-ju, katika timu moja ya Seoul, nayo imepewa vijana wawili warushaji.

Bafu zima lililipuka.

“Vijana wawili! Wale hata ndevu hawajaota!”

“Mwenye klabu aletwe achemshwe humu humu, na chumvi juu.”

“Chumvi ya kuharibu bure ya nini? Mchemsheni hivyo hivyo.”

Msugua migongo, mtu mnene aliyekuwa akimsugua mteja kwenye meza yake ya plastiki, alimpiga yule mteja kofi la mgongo. “Na wewe unalia nini? Kiangazi si ulikuwa unasema Seok-ju amezeeka, apelekwe kwa wanunua chuma chakavu?”

“Nilisema kwa hasira!” mteja alijitetea, uso umebanwa mezani. “Mtu akisema kwa hasira ndiyo kaomba?”

Watu walicheka, ila Mzee Pyo hakucheka. Alitoka majini polepole, akavaa, akarudi nyumbani bila hata kukausha nywele, na ile ilikuwa Desemba, mwezi wa baridi kali.

Wengine walipoteza mdakaji. Yeye aliona anapoteza kitu ambacho hakina jina kwenye magazeti. Marehemu Noh Dal-su, baba yake Seok-ju, alikuwa mwenzake katika karakana ya meli, wakichomelea vyuma bega kwa bega hadi mapafu ya Dal-su yalipochoka. Siku ya mazishi ni Mzee Pyo aliyeandika tepe za mashada ya maua kwa mkono wake, kwa brashi, kwa sababu mkono wake ulikuwa unasifika. Aliupata mkono ule katika madarasa ya jioni, akiwa na macho mekundu ya moto wa karakana, wakati wenzake wakinywa. Siku hiyo alimwona Seok-ju, kijana wa shule bado, akisujudu mbele ya picha ya baba yake mara mbili, kama inavyompasa maiti. Aliye hai husujudiwa mara moja. Aliyekufa, mara mbili. Kisha kijana akamgeukia yeye, akamsujudia mara moja, akasema, “Baba Mkubwa, sasa nimebaki nawe.”

Tangu hapo, kila Mwaka Mpya wa mwandamo wa mwezi, Seok-ju alikuja kumsujudia. Hata alipokuwa nyota, hata goti lilipokuwa limefungwa plasta, alikuja. Mzee Pyo hakujaliwa mtoto wa kiume. Asubuhi ile moja ya mwaka alikuwa naye, na majirani wote walikuwa madirishani.

Sasa Seoul. Nani atafunga safari kutoka Seoul kuja kupiga magoti kwa mchomelea vyuma mstaafu?

*

Jioni yake mashabiki walikutana katika duka la samaki wakavu la Tak Chun-bo, mwenyekiti wao. Walikaa juu ya maboksi ya dagaa, wakibishana hadi vioo vya duka vikaingia ukungu.

“Tuchome jezi,” mmoja alisema.

“Choma yako. Yangu niliinunua kwa jasho.”

Bang Se-rin, binti aliyesimamia ukurasa wa mashabiki mtandaoni, aliinua simu yake. “Jamani, tufanye kama mashabiki wa kwingine. Tupeleke mashada ya msibani. Tuyapange mbele ya uwanja, kila moja na utepe wake. ‘Korongo wamekufa.’ ‘Tunaomboleza akili za wakurugenzi.’ Waandishi wa habari watakuja wenyewe. Mwenye duka la maua ana mashine, anachapa tepe dakika hiyo hiyo.”

“Mashine!” Mzee Pyo alisema, na wote wakamgeukia, kwa maana alikuwa hajafungua kinywa tangu aingie. “Maombolezo ya kuchapwa na mashine ni kama tambi za pakiti. Nitaandika mimi.”

“Zote, babu?”

“Andikeni zenu mnavyotaka. Mimi nitaandika moja, na ndiyo itakayosomwa.”

Aliandikia hapo hapo, juu ya meza ya kukatia samaki iliyofutwa vizuri. Alisaga wino kwa utulivu wa mtu anayejua anatazamwa. Brashi ilishuka, na herufi zikatoka nyeusi na nzito juu ya utepe mweupe: HAPA AMELALA NOH SEOK-JU, NAMBA ISHIRINI NA SABA, ALIYEUAWA NA KLABU YAKE.

Tak alivuta pumzi puani. “Loo. Mkono huo, Mzee Pyo! Mkono huo haujazeeka.”

Se-rin alikuwa amekunja uso. “Babu, samahani. Zetu zinaitaja klabu. Wewe umetaja jina la mtu aliye hai. Utepe wa msiba, na jina la mtu aliye hai?”

“Wewe binti, umesomea nini?”

“Uhasibu.”

“Basi hesabu. Kuandika niachie mimi. Uchungu usio na jina la mtu hauchomi.”

Na kweli ulichoma. Mashada yalisimama juu ya miguu yake ya mbao, mstari mmoja mbele ya lango kuu la uwanja, marefu kuliko watu, maua meupe yakitetemeka kwa upepo wa bandarini, na wapiga picha wote waliliendea lile la Mzee Pyo. Kesho yake lilikuwa ukurasa wa kwanza wa gazeti la mkoa. Mzee Pyo alinunua nakala tatu. Aliikunja moja mfukoni, akashika njia ya mgahawa wa mama yake Seok-ju, aliokuwa hajaukanyaga tangu habari itoke. Moyoni alijiambia kuwa yule mama atalia, atamshika mikono, atasema: afadhali wewe, Shemeji, uliyetupigania.

*

Mama Seok-ju aliuza supu ya pweza wadogo karibu na soko. Ubao wa vyakula ukutani ulikuwa umeandikwa na Mzee Pyo mwenyewe, zawadi ya siku ya kufungua. Ilikuwa saa ya mchana iliyopoa, wateja wameondoka. Alimkuta anasafisha pweza kwenye beseni, mikono ndani ya unga na ute.

“Shemeji,” alimsalimu, “pole sana.”

“Pole ya nini? Kuna aliyekufa?”

Mzee Pyo alikaa mahali pake pa siku zote, chini ya feni. Alitoa gazeti, akalifungua juu ya meza. Mama Seok-ju hakulitazama.

“Nimeshaliona,” alisema. “Muuza tofu kaniletea alfajiri, anahema, anauliza mazishi ni lini. Sikuhitaji kuuliza nani kaandika. Mkono ule ule uliomwandikia mume wangu.”

“Ni maandamano, Shemeji. Ni kwa ajili ya Seok-ju. Tunawaonyesha wale mabwana walichomfanyia.”

“Hawakumfanyia kitu. Aliomba mwenyewe.”

“Aliomba nini?”

“Aliomba mwenyewe kuondoka,” mama alirudia, akibana pweza mmoja kwa vidole hadi maji yakamtoka. “Ule mchezo wa Agosti, alipoangusha mpira mkakosa kuingia fainali. Unakumbuka? Mlimtupia mifupa ya kuku. Mlimwandikia mke wake maneno nisiyoweza kuyatamka mbele ya chakula. Akaja hapa, akakaa hapo hapo ulipokaa, hakula. Nikamwambia, mwanangu, ni walevi wale, wasikuumize. Akasema: Mama, walevi siwasikii. Nimemsikia Baba Mkubwa.”

Feni haikuwa ikizunguka, maana ilikuwa baridi, lakini Mzee Pyo aliinua macho akaitazama kana kwamba ndiyo iliyonena.

“Kiti chako uwanjani kiko nyuma ya mgongo wake,” mama aliendelea. “Miaka yote unajisifu nacho. Unadhani mdakaji hasikii nyuma? ‘Nenda kafe, gogo bovu wewe.’ Ulisema hukusema?”

“Ule ni uwanja,” alisema Mzee Pyo. Sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. “Uwanjani kila mtu husema. Ni mapenzi yale, Shemeji. Nani anamtukana mtu asiyempenda?”

“Mlimwambia akafe, akaondoka kimya kimya. Sasa mnamletea maua.” Alinawa mikono, akaikausha kwenye aproni. “Sikiliza. Sitaki kugombana na rafiki wa mume wangu. Seok-ju atakuja Mwaka Mpya, na kwako atapita, maana nilimlea na adabu. Uling'oe lile shada kabla hajaja. Hilo tu. Mtoto wangu asipite langoni akasoma kifo chake kwa mkono wako.”

“Nitaling'oa leo.”

“Leo,” alisema mama, akarudi kwenye beseni lake. Supu hakumletea, na yeye hakuthubutu kuagiza.

*

Alikwenda. Hilo lazima lisemwe, kwamba alikwenda moja kwa moja, hata mkasi aliuazima kwa muuza nguo njiani. Alipofika langoni aliuona utepe wake unapepea, na kwa mara ya kwanza alisoma alichokiandika kama mtu mwingine angekisoma. Akanyoosha mkono wenye mkasi.

“Huyu hapa!” sauti ilipigwa nyuma yake. “Ndiye mwenyewe! Ndiye babu wa brashi!”

Walikuwa mashabiki vijana, kundi zima, na mwanamke mwenye kamera ya televisheni. Walimzunguka kwa furaha.

“Babu, umetusemea sote!”

“Mwalimu, tafadhali, picha moja kando ya utepe.”

“Siku hizi hakuna anayeandika hivi. Ulisomea wapi, mwalimu? Chuo kikuu?”

Mwalimu. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Karakanani alikuwa namba kwenye kofia ya chuma, madarasani jioni alikuwa mzee kuliko wote, anayesinzia nyuma. Mkono wenye mkasi uliingia mfukoni mwa koti, wenyewe.

“Sikusoma chuo,” alisema, akanyoosha mgongo. “Nilijifundisha.”

“Loo! Mmesikia? Alijifundisha!”

Alisimama kando ya utepe, akapigwa picha. Aliulizwa brashi ni ya manyoya gani, akaeleza. Aliulizwa kama shada litabaki, naye akasema litabaki hadi klabu iombe radhi. Walimpigia makofi. Njiani kurudi alijiambia atakuja kesho watu wakipungua. Kesho yake theluji ilianguka. Siku iliyofuata muuza nguo alitaka mkasi wake, akaurudisha. Kisha akajiambia kwamba kwa vyovyote upepo wa bahari hauachi utepe mahali pake.

Lakini alikuwa ameufunga vizuri. Kila kitu alichokifanya kwa mikono alikifanya vizuri.

*

Asubuhi ya Mwaka Mpya mkewe aliamka mapema kukata vipande vya mkate wa mchele kwa supu. Mzee Pyo alivaa vazi la jadi la hariri, akaketi juu ya mto mbele ya pazia lililochorwa milima, akangoja. Alikuwa ametayarisha maneno. Angesema: mwanangu, uwanjani mdomo wangu ulitangulia akili. Aliyarudia kimoyomoyo, na kila aliporudia yalipungua kidogo, hadi yakabaki: mwanangu, afya njema.

Gari lilisimama nje. Majirani wakawa madirishani.

Seok-ju aliingia na suti nyeusi, mpana kama mlango, goti likilia. Alimsalimu mke wa Mzee Pyo kwa heshima, akaweka sanduku la peasi ukumbini, akavua viatu, akaja mbele ya Mzee Pyo. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mdakaji nyuma ya wavu wa chuma wa kukinga uso, ule usioonyesha kitu.

“Umepitia uwanjani?” Mzee Pyo aliuliza, ingawa hakutaka kuuliza.

“Barabara ya kutoka Seoul inapita pale, Baba Mkubwa.”

Kisha aliweka mkono juu ya mkono, akashuka magoti yote mawili, akainama hadi paji la uso likagusa vidole. Sujudu nzuri, ndefu, kama alivyofundishwa. Machozi yalimjaa Mzee Pyo machoni. Amekuja. Kutoka Seoul, na amekuja! Alifungua kinywa kutoa neno la baraka, kama afanyavyo mkubwa akishasujudiwa.

Seok-ju alisimama. Akaweka tena mkono juu ya mkono. Goti likalia. Akashuka mara ya pili.

Mzee Pyo alibaki na kinywa wazi. Aliiona shingo ile nene imeinama mbele yake kama ilivyoinama siku ile mbele ya picha ya Dal-su, na neno alilolishika likamtoka mikononi. Yule aliyesujudiwa mara mbili hana anachojibu.

Seok-ju aliinuka, akainamisha kichwa kidogo, akarudi nyuma hatua chache bila kumpa mgongo, akavaa viatu vyake. Gari likaondoka.

Mkewe aliingia kutoka jikoni na bakuli mbili zikifuka mvuke. Alitazama mlangoni, akatazama mto.

“Mbona kaondoka hajala? Umemwambia nini mtoto wa watu?”

“Sikumwambia kitu,” alisema Mzee Pyo.