Jicho Moja Kwanza

Mwajuma hakuwa mtu wa kutulia tangu utotoni, lakini mwaka huo ilizidi. Raissa, kitinda mimba wake, alikuwa ameolewa Bujumbura, na nyumba yao ya Gitega ilibaki na watu wawili: yeye na mumewe Sudi, muuza vipuri vya baiskeli, mtu mpole aliyeweza kukaa dukani kutwa nzima asijue kutwa imepitia wapi. Mwajuma hakuweza. Kazi yake ilikuwa kudarizi mashuka ya maharusi, na kazi ilikuwepo. Ila kila akishatunga uzi kwenye sindano alihisi kuna jambo kalisahau huko nje. Huinuka. Huenda sokoni kununua uzi wa kijani, na uzi wa kijani anao. Humpitia muuza maparachichi, humlaumu kwa ugumu wa maparachichi yake, hurudi nayo. Nyuma ya ukuta wao fundi mmoja alikuwa amefungua karakana ya kuchomelea vyuma, na kelele zake zilimuudhi. Umeme ukikatika fundi akanyamaza, ule ukimya nao ukamuudhi.

"Mama Raissa," Sudi alimuuliza jioni moja, "we iko natafuta nini?"

"Mi sijui. Ningejua si ningekuwa nimeshapata?"

Lakini nusu yake alijua. Alimkosa Imelda.

Imelda alikuwa jirani yake kwa miaka mingi. Alivushwa mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia kambini upande wa Kigoma, akarudi Burundi mtu mzima, ana mume, ana Kiswahili kilichonyooka kama cha redio, na ana sanduku la vitabu vya hadithi. Mmoja Mkristo wa kusali kila Jumapili, mwingine Mwislamu wa swala tano, lakini baada ya alasiri walikuwa na kibaraza kimoja. Walisoma kwa zamu, kwa sauti, kurasa chache huyu, kurasa chache yule. Mwajuma akisema "kitabu iko hapa", Imelda hujibu bila kuinua macho, "Kiko, Mama Raissa. Kitabu kiko." Naye Mwajuma hucheka, kesho akasema vilevile.

Kisha Nazario, mume wa Imelda, akapata sehemu yake katika shamba la ukoo huko Mwakiro, mkoani Muyinga, wakahama. Walikuwa katikati ya riwaya moja, kisa cha mjane wa Ujiji aliyefungua mgahawa na shemeji yake akataka kumnyang'anya. Walikubaliana kitabu kibaki kwa Mwajuma, na asikifungue mpaka wakutane. Miezi ya mwanzo walipigiana simu. Baadaye Imelda akawa haandiki, ujumbe haujibu, na simu akipokea Nazario: "Yuko shambani." Asubuhi shambani, jioni shambani, hata siku ya mvua kubwa, shambani.

"Amenichoka," Mwajuma alimwambia Sudi. "Aseme basi, quoi. Asijifiche nyuma ya shamba."

"Enda ukamuulize," Sudi akasema. Nadhani alitaka pia nyumba ipumzike kidogo.

Kwenda nako hakukuwa kazi ndogo. Petroli ilikuwa ya kubahatisha, na teksi za Muyinga ziliondoka siku dereva alipojaliwa. Mwajuma aliamka asubuhi tatu mfululizo, akavaa, akaenda kituoni, akarudi. Siku alipopata nafasi alikaa nyuma, karibu na dirisha, akakitoa kitabu mkobani. Ahadi ni ahadi, lakini safari ilikuwa ndefu, na Imelda ndiye aliyeanza kuivunja kwa kunyamaza. Akakifungua walipoishia.

Aliona ajabu. Kwa kumbukumbu yake shemeji alimwagiwa mchuzi wa moto na yule mjane, akakimbilia Tabora kwa treni. Imelda mwenyewe ndiye aliyelisoma hilo, zamu ya mwisho kabisa, na walicheka mpaka wapita njia wakasimama. Sasa ukurasa unaofuata shemeji yuko palepale jikoni, mzima, anadai funguo. Mwajuma alimlaumu mwandishi. Mtu anakula pesa za watu halafu anasahau wahusika wake wako wapi!

Alipotaka kufunua ukurasa, sauti ikatoka begani kwake.

"Ngoja kidogo, mama. Sijamaliza."

Alikuwa abiria wa pembeni, mwanamume wa makamo mwenye koti la kijivu, amekuwa akisoma naye muda wote huo. Mwajuma alikisogeza kitabu dirishani. Mwanamume naye akasogea. Akakiinua, naye akainua shingo. Kila ukurasa alimaliza wa pili, na kila ukurasa aliguna, "Huyu shemeji ni mtu mbaya," kama vile anamjua kwao. Ilimkera Mwajuma kiasi kwamba alisoma mstari mmoja mara nyingi bila kuuelewa. Walipofika Karuzi yule bwana akashuka, akarudi dirishani akiwa ameshika mfuko wake, akauliza kwa upole, "Mwisho wake nitaambiwa na nani?"

Gari likaondoka, na jambo la kushangaza, Mwajuma alijikuta hana tena hamu ya kusoma peke yake.

Mjini Muyinga alipanda pikipiki hadi Mwakiro. Njia ilikuwa ya vumbi jekundu na migomba, na dereva alikuwa na kiherehere kuliko yeye, jambo ambalo hakulipenda. Aliteremka mbele ya ua wa miti ya miyenzi alioelekezwa. Uani, juu ya mkeka, Imelda alikuwa akipukuchua maharage. Amekonda kidogo, lakini ni yeye. Mwajuma akasimama pale mlangoni mwa ua bila kusema neno, anatabasamu, anangoja kelele za furaha.

Imelda akainua uso. Akamtazama sawasawa usoni.

"Karibu, mgeni," akasema kwa adabu. "Mwenyewe yuko bondeni. Ukitaka kumsubiri, kuna kigoda pale."

Moto ukampanda Mwajuma kutoka miguuni. "Mgeni? Mi natoka Gitega na vumbi yote hii, we unaniita mimi mgeni?"

Maharage yakamwagika mkekani. Imelda alinyanyuka akiwa amenyoosha mikono mbele, akakanyaga ungo, akamshika Mwajuma mabega, kisha mashavu, kisha mtandio wake, kama mtu anayechagua kitambaa gizani. "Mama Raissa," akasema. "Mama Raissa, kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo Mwajuma alipoyaona macho yenyewe. Katikati ya mboni palikuwa na weupe, kama tone la maziwa.

Walikaa mkekani. Imelda alieleza polepole, huku akiokota maharage kwa kupapasa. Ilianza kama ukungu. Sasa alikuwa akiona kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Mwanga anauona, mtu anaona kivuli chake, herufi haoni kabisa. Alimkataza Nazario kusema.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujahama."

"Hapana. We ulikuwa unasoma. Kila siku ulisoma zamu yako."

Imelda akainamisha kichwa. "Zile siku za mwisho nilikuwa nabuni, mambo madogo usiyoweza kuyagundua. Zamu ya mwisho ndiyo nilizidisha."

Mwajuma aliukumbuka ule ukurasa wa kwenye teksi. Kisha akauliza, "Mchuzi?"

"Wangu."

"Na treni ya Tabora?"

"Yangu pia. Nilitaka aende mbali."

Mwajuma alicheka mpaka akajishika mbavu, na Imelda naye akacheka, halafu mmoja wao akaanza kulia, na kwa kuwa walikuwa wameegemeana ilikuwa vigumu kujua ni nani.

Jioni Nazario alirudi na jembe begani, akafurahi kumwona mgeni, na zaidi akafurahi kwamba siri imekwisha. Alikuwa amechoka kusema "yuko shambani". Walikula ugali na isombe ya majani ya muhogo. Na chakula hakijaisha, Mwajuma akaanza. Huo ni mtoto wa jicho, alisema, ugonjwa wa kawaida; Gitega kuna madaktari wa macho; shangazi wa Sudi alipasuliwa, leo anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Waondoke kesho. Kwa nini wasiondoke kesho?

"Sitaki," Imelda alisema.

"Unaogopa?"

"Naogopa. Bibi mmoja kambini alipasuliwa jicho, akatoka haoni hata jua. Mimi jua naliona bado. Niachie hilo."

"Ile ilikuwa zamani. Kambi ni kambi. Sasa hivi—"

"Mama Raissa, umefika leo. Hata kigoda changu hakijapata moto, ushataka kunihamisha."

Mwajuma hakujua kuacha. Aliendelea usiku ule, akaendelea asubuhi wakati Imelda anakoroga uji, mpaka Imelda akaweka mwiko chini na kusema kwa sauti ya chini sana, "Wewe huwezi kukaa na kitu jinsi kilivyo. Ndiyo maana sikukuambia."

Neno hilo lilimchoma. Mwajuma alifunga mkoba wake, akaita pikipiki, akaondoka bila uji.

Mjini Muyinga hapakuwa na gari. Magari yalikuwa yamepanga mstari kwenye kituo cha mafuta, madereva wamelala vitini, milango wazi. "Labda kesho," mmoja alimwambia. "Labda keshokutwa." Mwajuma alizunguka soko. Alipatana bei ya kitenge asichokitaka. Alikula chapati, akaiona ngumu, akala nyingine. Aliingia msikitini akaswali adhuhuri, akatoka, akazunguka soko tena kwa upande wa pili. Alikuwa na hasira na petroli, na chapati, na viatu vyake. Na kila hasira alipoifuata hadi mwisho wake alimkuta Imelda ameketi pale mkekani, anapapasa maharage. Mwenzake alikuwa amekaa katika ukungu ule mwaka mzima. Yeye asubuhi moja tu ya kukosa gari ilikuwa inamtoa roho.

Alipanda pikipiki akarudi Mwakiro.

"Umesahau nini?" Imelda aliuliza alipozisikia hatua zake.

"Mafuta hakuna," Mwajuma alisema, na hilo lilikuwa kweli. Kisha akaketi. "Na kitabu iko hapa."

"Kiko."

Habari ya macho hakuigusa tena. Alirudi nyuma hadi pale palipobuniwa, akasoma kilichoandikwa hasa. Imelda alisikiliza kidogo, akamkatiza.

"Unasoma kama mtu anayefukuzwa. Wacha huyo mwanamke apike. Wacha maji yachemke."

Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko kudarizi. Alijilazimisha kusimama kwenye kila nukta, na mwanzoni ulimi ulimwasha. Siku ya pili aliweza kidogo. Siku ya tatu Nazario alirudi mapema kutoka bondeni, akasimama amelishika jembe, eti anapumzika, mpaka sura ikaisha. Walisoma baada ya alasiri, wakasoma na asubuhi. Mara Imelda husema, "Yangu ilikuwa nzuri zaidi," na mara nyingine alikuwa sahihi. Sudi alipopiga simu Mwajuma alimwambia petroli haijapatikana, na hakuuliza kama imepatikana.

Ilipatikana. Dereva wa pikipiki alileta habari kwamba kesho alfajiri kuna teksi ya Gitega. Mwajuma alifunga mkoba kimya, akaacha kitabu juu ya kabati, ili Imelda asomewe na Nazario, ambaye alikuwa anasoma kwa kuvuta herufi moja moja lakini alikuwa na subira. Kulipopambazuka alitoka uani kuaga. Akamkuta Imelda amesimama karibu na lango, amevaa gauni lake la kanisani na viatu.

"Jicho moja kwanza," Imelda alisema, kama anayemalizia mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea. "La kushoto, ndilo bovu zaidi. Likiharibika sijapoteza kitu. La kulia haligusi mtu mpaka mimi niseme. Na Nazario anakuja."

"Ndiyo," Mwajuma alisema. Alikuwa na mengi ya kuongeza. Aliyameza yote.

Siku ya kupasuliwa, Gitega, Mwajuma alitembea kwenye korido ya kliniki ya macho mpaka muuguzi akamwomba kwa heshima akae, wagonjwa wengine wanapata kizunguzungu. Alikaa. Nazario alikuwa amekaa tangu mwanzo, mikono magotini, midomo inakwenda kwa sala. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, Imelda alipepesa jicho kwa muda mrefu. Alimtazama Nazario, akamnyoosha ukosi wa shati. Kisha akamgeukia Mwajuma, akamkagua kutoka juu hadi chini.

"Mbona una mvi hivi?"

"Ziko tangu zamani."

"Hukuniambia."

Wiki iliyofuata daktari aliridhika, Nazario akatangulia Mwakiro kuwahi palizi, na Imelda akafuata baadaye. Mwajuma alimsindikiza kituoni, amevaa kandambili, na khanga ya jikoni kiunoni. Teksi ilikuwa imebakiza nafasi moja, na dereva hakutaka kuondoka bila kuijaza. Abiria walilalamika. Jua lilipanda. Mwajuma alimlaumu dereva, akawalaumu abiria kwa kumvumilia, kisha akafungua mlango akaingia akakaa karibu na Imelda.

"Twende basi," akasema, akampigia Sudi. "Baba Raissa, chakula iko kwa sufuria."

"We iko wapi?"

"Narudi," alisema. "Si leo."

Gari likaondoka. Imelda alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, jicho lake jipya likimtoka machozi kwa upepo, anasoma kwa sauti kila kibao walichokipita: saluni, duka la dawa, kanisa, fundi majeneza, shule, saluni nyingine. Hakuruka hata kimoja. Walipotoka mjini dereva alimwomba apumzike kidogo. Mwajuma, ambaye siku nyingine angekuwa wa kwanza kukereka, alimwambia dereva aangalie barabara.