Alama Tatu kwa Kumi

Treni ya kwenda Leeds ilisimama katikati ya mashamba, maili chache baada ya Doncaster, ikagoma kuendelea. Kondakta alipita akisema waya wa umeme umekatika huko mbele, na kwamba asiulizwe zaidi kwa kuwa naye hajui. Hazel Birtwhistle, mhadhiri wa uchumi, akafunga kompyuta yake na kuinua macho.

Mzee aliyeketi mbele yake, aliyekuwa amejifunika gazeti tangu London, sasa alikuwa amelishusha. Kumbe ni Denzil Arkwright, waziri wa fedha wa zamani. Na gazeti lenyewe lilikuwa lile lililowaomba wasomi kumi na wawili wawape alama mawaziri wote wa fedha wa Uingereza wa miaka hamsini iliyopita. Hazel alikuwa mmoja wao. Penye jina la Arkwright aliandika tatu kwa kumi, na chini yake: "Alichelewa kupandisha kodi."

"Utakula pai?" mzee akauliza, akifungua karatasi. "Ya nyama ya nguruwe. Binti yangu anasema itaniua, kwa hiyo nisaidie nusu."

Hazel akapokea. Mtu umeshamfelisha, utamkatalia na pai?

"Umeyaona haya?" Mzee aligonga gazeti kwa kidole. "Kuna bwana mmoja wa Oxford kanipa saba. Halafu kuna mama wa Leeds, Birtwhistle, kanipa tatu."

"Tatu ni chache," Hazel akasema, akimega pai.

"Si haba. Aliyenifuata kapata mbili." Alionekana kulifurahia hilo kupita kiasi.

"Wewe mwenyewe ungejipa ngapi?"

Mzee akamaliza kutafuna kwanza. "Huyu wa Oxford ananisifu eti nilishusha mfumuko wa bei. Mimi sikushusha kitu, mama. Mafuta yalishuka bei duniani. Mwaka ule hata mbwa wangu angekalia kiti changu bei zingeshuka, na watu wangempenda zaidi."

"Na huyu wa Leeds?"

"Anasema nilichelewa kupandisha kodi, pengo la bajeti likapanuka mwaka mzima. Ni kweli. Miezi minane waziri mkuu alinikatalia. Hilo nimelisema kwenye kila mahojiano." Akafuta vidole taratibu. "Minne iliyobaki ilikuwa yangu. Uchaguzi ulikaribia, nikaogopa. Hiyo sijaisema popote. Mwishowe nikapandisha, na watu wa jimbo langu wakanifungisha virago."

Hazel alikuwa amefundisha habari za miaka ile kwa miongo miwili. Takwimu za mapato alikuwa nazo, za riba alikuwa nazo, deni la taifa alilijua mwezi kwa mwezi. Woga wa mtu haukuwamo kwenye jedwali lolote. Akaona haya kuendelea kula kimyakimya.

"Mheshimiwa, Birtwhistle ndiye mimi."

Mzee akamtazama, kisha akaitazama karatasi tupu ya pai. "Ungesema mapema."

"Ningeikosa."

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi Hazel ampe chupa yake ya maji.

"Haya, daktari. Sasa unanipa ngapi?"

Hazel alifikiri kwelikweli, kama anayesahihisha mtihani. "Nne. Umeongezewa moja kwa kupandisha kodi huku ukijua itakuangusha."

"Na kwa kusema ukweli?"

"Ukweli nao umechelewa."

"Dah," mzee akasema, ameridhika kabisa.

Saa nzima ilipita kabla treni haijasogea. Walipofika Wakefield, mzee alipokuwa anashukia, Hazel alimsaidia kushusha begi, akamuuliza kama anaruhusiwa kuiandika ile miezi minne.

"Iandike. Nina miaka themanini na moja, kura za nani tena niziogope?"

Akaiandika usiku uleule, akawapelekea watu wa gazeti na kuwaomba wabadilishe alama. Jumatatu akawawekea wanafunzi wake bajeti zote tatu za Arkwright ukutani, na swali moja tu: hapa mkono wa waziri uko wapi, na bahati iko wapi? Kijana wa Bradford akasema yote ni bahati. Msichana aliyekaa mbele akamwambia basi asubiri bahati imfanyie na mtihani. Kipindi kikaisha, hakuna aliyenyanyuka, na Hazel akavuta kiti akakaa kuwasikiliza.