Kila Mtu Aseme Kazi Yake

Nzomo alikuwa ameosha mikono mara ya nne na bado hakuiamini. Alichuchumaa kwenye mfereji wa maji wa ploti yao ya Kawangware, akiisugua kwa ndimu na sabuni ya unga mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana, huku wapangaji wenzake wakisubiri nyuma yake na mitungi. Walijua kazi yake. Ndiyo maana hakuna aliyemharakisha, na ndiyo maana hakuna aliyemshika mkono kwa miaka kumi na mmoja.

"Inatosha, Baba Mwendwa," mkewe Kavata akamwambia kutoka mlangoni. "Utabaki na mifupa."

"Inanuka?"

"Hainuki."

Kavata hakuwa mwongo ila kwa jambo hili moja. Nzomo alikuwa mwosha maiti katika mochari moja ya mjini, na fomalini, dawa ya kuhifadhi maiti, ikishaingia kwenye kucha haina haraka ya kutoka. Jumamosi hiyo ya Juni, mwaka wa 2007, walikuwa wanakwenda Uthiru kujitambulisha kwa wazazi wa Ciru, msichana ambaye mwana wao Mwendwa alitaka kumwoa. Mwendwa alikuwa karani katika ofisi ya kukodisha nyumba huko Kilimani. Alifika amevaa shati jeupe, akakaa kitandani kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, akamwomba baba yake kitu kimoja tu.

"Mzee, babake Ciru ako na hiyo mambo ya kuzungusha watu. Kila mtu anasimama, anasema jina, anakaa wapi, anafanya kazi gani. Wewe sema tu uko serikali, upande ya rekodi."

"Na si huo ni uongo."

"Si uongo sana. Si ni wewe huandika zile karatasi za kwa miguu?"

Kweli, ni yeye. Kila maiti ilifungwa lebo kwenye kidole gumba cha mguu, na mwandiko wa Nzomo ulikuwa mzuri kuliko wa wenzake wote. Akachukua koti lake. Kwa wakwe watarajiwa, mtu anayeshika wafu hapokelewi mezani kwa furaha. Hakuna mahali jambo hilo limeandikwa, na kila mtu hulifuata.

Nyumba ya Wahome, babake Ciru, ilikuwa ya mawe, na nyuma yake safu mbili za vyumba vya kukodisha. Sebuleni kila kiti kilikuwa na kitambaa chake. Chakula kilikuwa mezani tayari, mukimo na nyama na chapati, vyote vimefunikwa, kwa maana Wahome alikuwa na sheria yake: sufuria haifunguliwi mpaka watu wajuane.

"Nianze mimi," akasema Wahome, mkono tumboni. "Naitwa Wahome. Nakaa hapa, na baba yangu alikaa hapa. Nilikuwa benki, nikastaafu. Sasa kazi yangu ni hizi nyumba, na ng'ombe wawili ambao wamekataa nipumzike."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mkewe akasimama, akasema yeye ni mwalimu wa darasa la tatu. Jirani akasimama, akasema anauza vipuri vya magari mjini, na aliye na gari bovu asione haya. Nzomo alipiga makofi na kuwaonea wivu, wivu wa waziwazi kabisa. Walitaja kazi zao kama mtu anayekuonyesha picha ya mtoto wake.

Kisha zamu ikamfikia mwanamke mwembamba aliyekaa karibu na mlango, mfuko wa plastiki mapajani. Nzomo alikuwa amemkwepa kwa macho tangu alipoingia. Ule uso aliujua: paji pana, nyusi zinazokaribia kugusana. Lakini alikuwa amezoea. Mara nyingi watu wa barabarani walifanana na wale aliokuwa amewaosha wiki hiyo, akajifunza kutazama viatu.

"Mimi naitwa Nyakio, Mama Norman," akasema mwanamke. "Wahome ni ndugu yangu. Nakaa hapo chini. Nilikuwa nauza mitumba. Siku hizi siuzi." Akaukunja mdomo wa mfuko. "Siku hizi kazi yangu ni kutafuta mtoto."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Nyakio," Wahome akasema polepole, "leo si siku ya hayo maneno."

"Umesema kila mtu aseme kazi yake." Hakukuwa na hasira katika sauti yake. "Naamka saa kumi na moja. Naenda vituo vya polisi, naenda hospitali, naenda mochari. Jioni narudi. Kesho naenda tena. Kama hiyo si kazi, sijui inaitwa aje."

Akaeleza kama mtu aliyeeleza mara mia. Norman alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, miaka ishirini na miwili. Tarehe kumi na nne Machi yeye na wenzake wawili walishikwa na wanaume waliokuja na gari lisilo na nambari. Alikuwa amevaa sweta ya kijani, kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa kahawia, kwa sababu siku hiyo dukani uzi wa kijani ulikuwa umeisha.

Nzomo aliijua ile sweta. Alikuwa ameikata mwenyewe kwa makasi, kutoka kifundo cha mkono hadi shingoni, kwa kuwa mikono ya maiti ilikuwa imeshakauka na haikunjiki.

Alikuwa na desturi yake kazini, ambayo hakuna aliyemfundisha. Kabla ya kummwagia mtu maji alijitambulisha. "Mimi ni Nzomo," humwambia, "kazi yangu ni kukuosha, sitakuumiza." Yule kijana wa sweta naye Nzomo alimwambia hivyo hivyo, na tundu mbili za risasi akazisafisha taratibu. Katika mfuko wa suruali alipata kadi ya kwaya ya kanisa, jina limeandikwa kwa herufi kubwa. Akampelekea Wainaina, msimamizi wake. Mlangoni walikuwa wamesimama wanaume wawili wasiovaa sare.

"Huyo hana jina," mmoja wao alisema.

Wainaina aliichana kadi vipande vinne. "Andika hajulikani."

Nzomo akaandika, kwa ule mwandiko mzuri. Baada ya wiki tatu lori lilibeba kumi na saba wasiojulikana, wakafukiwa kaburi moja. Tangu hapo, kila akifunga mfereji pale kazini, alihisi kuna mtu nyuma yake anayengoja kujibiwa. Alikuwa amempa kijana jina lake mwenyewe, kisha akamnyang'anya la kwake.

Angesema? Mwenzake wa zamu ya usiku aliwahi kumnong'onezea mama mmoja ukweli. Wiki iliyofuata hakuwa kwenye orodha ya zamu. Wiki ya pili hakuwa nyumbani kwake pia, na mkewe naye alianza kuzunguka na picha.

"Tusikie wageni," akasema Wahome haraka, apate kulifunika jambo. "Mzee wetu, karibu."

Nzomo akasimama. Mwendwa alikuwa amemkazia macho, na kando yake Ciru akitabasamu kwa heshima. Nyakio naye alimtazama, kama alivyomtazama kila mtu siku hizi, kwa kuwa huwezi kujua nani ameona nini.

"Mimi naitwa Nzomo," akasema. "Nakaa upande wa Muthangari." Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na mdogo. "Kazi yangu..." Maneno yote yalikuwepo, machache tu, na yangemfikia mwanamke yule kabla hajaketi. "Niko serikali. Upande wa rekodi."

Makofi yakalia. Mwendwa akashusha pumzi. "Hapa tulikuwa tumekosa mtu wa serikali," Wahome akasema kwa furaha ya kweli, na sufuria zikafunguliwa. Nzomo alikula vipande viwili vya nyama, ladha hakuisikia.

Wakati wa kuaga, Nyakio alimfuata hadi langoni. Akatoa katika mfuko karatasi moja kati ya nyingi, kopi ya picha. Paji pana, nyusi zinazokaribia kugusana, na mdomo umefunguka kidogo kwa kicheko.

"Baba Mwendwa, wewe ni mtu wa rekodi. Hiyo mochari ya mjini nimeenda mara kumi na moja. Kwa dirisha wanafungua kitabu, wanasema hapana, lakini hawanionyeshi. Wewe ni mtu mkubwa, watakuonyesha. Niangalilie."

"Nitaangalia," Nzomo akasema, na akajichukia papo hapo.

Nyakio aliishika mikono yake yote miwili, akaibana kwa nguvu, akamwombea Mungu ampe maisha marefu.

Jumatatu, yapata saa nne, Nzomo alitoka chumba cha kuoshea akisukuma kitanda kitupu cha magurudumu, gambuti miguuni, aproni ya plastiki imelowa mpaka magotini. Nyakio alikuwa kwenye dirisha la Wainaina. Akageuka. Akamtazama kuanzia gambuti hadi aproni, na Nzomo akasimama hapo hapo, hakujificha. Alitaka ajue. Kwa dakika hiyo moja alitaka kabisa ajue, aanze kupiga mayowe, jambo liishe.

Uso wa Nyakio ukafunguka.

"Umekuja," akasema. "Hata wiki haijaanza vizuri. Na wamekuvalisha hizo vitu ndio uruhusiwe kuingia ndani."

Wainaina aliinua kalamu yake kwenye kitabu. "Mnajuana?"

"Ni mkwe wetu," Nyakio akasema, na kwa mara ya kwanza Nzomo akamwona akijivuna. "Ni mtu wa serikali, wa rekodi. Ananitafutia Norman."

Wainaina alimtazama Nzomo muda mrefu. Hakukasirika. Alifunga kitabu, akakiweka chini ya kiwiko.

"Basi ni vizuri, mama," akasema. "Mwache aendelee kutafuta."

"Usiharakishe, Baba Mwendwa," Nyakio akasema. "Angalia polepole, mmoja mmoja. Mimi leo siendi mahali pengine."

Akaenda kuketi kwenye benchi la ukumbini. Nzomo akarudi ndani, akafunga mlango. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu, na ulifungukia ukumbini. Kufikia saa saba alikuwa ameosha watu watano, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia jina lake.

Mara ya sita aliusukuma mlango kidogo, akachungulia. Nyakio bado alikuwepo. Alikuwa amesogea mwisho wa benchi na kutandika nusu ya leso yake mahali palipobaki wazi, kwa ajili ya mtu wa kukaa kando yake.