Nzuri, Ila

Siku jimbo letu lilipotangazwa la kwanza kwa afya ya jamii na ubora wa maisha, nilikuwa nimepiga magoti nikimkazia mama bandeji iliyolegea. Redio ilikuwa juu ya cherehani yangu. Mtangazaji, kwa sauti ya bwana harusi, alisema asilimia tisini na sita ya wananchi wana hali nzuri au nzuri sana. Kidonda cha mama, kilichoanzia kidoleni na sasa kimefika kisiginoni, kikaendelea kutoa maji bila kujua kwamba kimeshinda tuzo.

Najua hesabu hiyo ilitoka wapi, maana sehemu yake ilipikwa sebuleni kwetu. Miezi mitatu nyuma alikuja karani wa takwimu na kishikwambi chake, ana haraka kama anaharisha.

"Shikamoo, mama. Habari za afya?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri."

Akabonyeza.

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

Akabonyeza.

"Na majirani?"

"Wazima tu."

Akabonyeza, akaaga, hata ukingo wa kiti hajaukalia.

Yule hakuwa mgeni wa lugha. Alilelewa na watu wanaosalimiana hivi hivi. Anajua fika kwamba kwetu hata mwenye maiti ndani hujibu "nzuri", kisha huvuta pumzi, ndipo aseme "ila". Nzuri, ila baba hakuamka. Ukweli wetu wote hukaa nyuma ya hiyo ila, na mama alikuwa ndiyo kwanza anaivutia pumzi ya kwake, karani keshabisha hodi kwa jirani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja wenyeji tuugue.

Tuzo hiyo ingekuwa kilemba cha ukoka tu, ningewaachia wakubwa wakivae. Lakini wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa zahanati ya mtaa: kwa kuwa afya ya wakazi ni nzuri, muuguzi atahamishiwa penye uhitaji zaidi. Muuguzi tunaye mmoja. Ndiye anayemsafisha mama kidonda mara tatu kwa wiki, na hakunizungusha.

"Dada, nikiondoka na asipate wa kumsafisha, mguu huu utakatwa."

Hospitali kubwa ni mabasi mawili na ngazi ambazo mama hazipandi hata kwa kubembelezwa. Nikafunika cherehani, nikaenda ofisi ya takwimu.

Afisa mkuu pale nilimbatiza Bwana Asilimia kabla sijakaribishwa kiti. Shati lake limepigwa pasi mpaka linatia hofu.

"Dada yangu, takwimu hazina mdomo wa kudanganya."

"Masikio pia hazina. Mmemuuliza mama hali yake, mkakimbia kabla hajajibu."

"Amejibu. Hii hapa: nzuri, nzuri, wazima."

"Hizo ni salamu! Baada yake huja ila."

"Fomu ina nzuri sana, nzuri, wastani na mbaya. Ila haimo."

Alisema hivyo bila kucheka, msomi mzima. Hata hivyo kanuni ilikuwepo, akanisomea shingo upande: kaya iliyolalamika ihojiwe upya na afisa mwenyewe. Jibu likigeuka kuwa mbaya, uhamisho unasimama mpaka mtaa mzima uhesabiwe tena. Likibaki nzuri, faili linafungwa.

Siku mbili nikamfundisha mama neno moja kama kasuku.

"Akikuuliza, sema mbaya. Basi."

"Nimwambie mgeni mbaya hata hajakaa? Atasema sikufundwa."

"Na mguu wako je?"

"Mguu ni wangu. Adabu ni ya mama yangu aliyenilea."

Nilitamani kuvunja sahani.

Bwana Asilimia akaja asubuhi, kanyooshwa kuanzia kola hadi soksi.

"Shikamoo, mama. Habari za afya?"

Mama akanitazama mimi, akautazama mguu.

"Marahaba. Nzuri..."

Kidole kikatua palepale. Akafunika kishikwambi, akainuka, ananitabasamia kwa huruma ya mshindi. Ndipo mama, ambaye sijawahi kumsikia akimkatiza mtu yeyote, akamshika mkono wa shati.

"Kaa. Sijamaliza kukusalimia."

Akakaa. Mama akaanza, sauti ileile ya salamu. Nzuri, ila mguu unawaka moto. Ila halali usingizi. Ila yule jirani wa kulia, mliyeambiwa ni mzima tu, amezika mjukuu kwa kuharisha. Ila muuguzi akiondoka, kidonda atakifungua nani? Akainama, akakifungua yeye mwenyewe. Harufu ikajaa sebule, na Bwana Asilimia, anayeijua afya ya jimbo zima kwa kichwa, akageuzia uso dirishani.

"Andika hayo," mama akamwambia.

"Hakuna pa kuyaandika, mama. Linaingia neno moja tu."

Niliuma ulimi nisiliseme mimi. Mama akautengeneza mtandio kichwani, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Basi andika mbaya."

Akafuta, akabonyeza. Uhamisho ukasimama hapo hapo, na ilinipasa nipige vigelegele. Lakini mama alikuwa amejifunika uso kwa mtandio, analia kwa aibu kama aliyetukana mbele ya wakwe. Kutoka humo ndani ya kitambaa akaniambia nimpe mgeni maji ya kunywa, asiondoke na kiu nyumbani kwetu.

Sikumkatalia mama. Nikachota ya bombani, tunayokunywa sisi na jirani, kama yanavyotoka, na rangi yake ya kutu, nikamkabidhi Bwana Asilimia kwa mikono miwili na kumkaribisha vizuri kabisa. Kisha nikasimama mbele yake mpaka akaimaliza glasi.