Taa za Ngazini

Zuhra alijua kupanga taa, na alijua kwamba anajua. Jengo la tajiri Akida pale Shinyanga mjini, maduka chini, ofisi katikati, nyumba za kupanga juu hadi ghorofa ya kumi na mbili, alilivika mwanga wa dhahabu ulioonekana hadi Ibadakuli. Watu walilipiga picha. Ngazi za dharura hakuna aliyezipiga picha. Hazikuwa na dirisha hata moja, mchana kutwa giza totoro, na huko Zuhra aliweka taa zinazowaka zenyewe mtu akisogea, na kuzima nusu dakika akishatulia. Umeme usipotee bure, alisema, na Akida akachekelea.

Jumanne saa sita mchana jiko la mgahawa wa chini lilishika moto. Lifti ikasimama. Wapangaji walishuka salama kwa ngazi, isipokuwa mzee Nkwabi wa ghorofa ya tisa. Zimamoto walimkuta ameketi kwenye ngazi za ghorofa ya sita, mgongo ukutani, moshi umeshammaliza. Wakazijaribu taa. Zote zilikuwa nzima.

Akida alifurahi, Mungu amsamehe. Aliandika karatasi kwamba taa zilifanya kazi, marehemu alichanganyikiwa kwa uzee. Ilibaki saini ya Zuhra tu, lakini roho yake ilikataa kusaini kabla hajafika msibani.

"Shikamoo, Mama Luka. Pole sana."

"Marahaba. Nimeshapoa." Mbuke, mjane wa Nkwabi, alimpisha kwenye mkeka. Siku ya moto alikuwa sokoni.

"Mama, wanasema mzee alichanganyikiwa."

"Nani, Nkwabi? Miaka thelathini amechimba dhahabu Rwamgasa. Goti tu lilikuwa bovu, lazima apumzike njiani."

"Sasa mbona aliketi asiinuke?"

Mbuke alimtazama kwa mshangao. "Si taa ilizima? Kule chini kwenye duara, shimo la dhahabu, taa ikizima husogei hata kidole. Mbele yako kuna shimo jingine, hulioni. Unakaa chini, unatulia, mwenzako anakuja na taa. Wachimbaji wote wanajua, mwanangu."

Nusu ya wapangaji wa jengo lile walikuwa watu wa dhahabu, na Zuhra hakumuuliza hata mmoja alipopanga taa. Aliona aibu, kisha hofu: akisema, kazi imekwisha, na pengine jela.

"Taa iliharibika?" Mbuke aliuliza. "Niambie iliharibika, nipate usingizi."

Lilitakiwa neno moja tu, na lilikuwa tayari mdomoni.

"Haikuharibika, Mama. Niliiweka mimi. Inawaka mtu akisogea."

Mbuke aliuinua mkono wake polepole, hadi usawa wa bega.

"Hivi tu, ingewaka?"

"Hata chini ya hapo, Mama."